Boma Lililolala Chini ya Mpunga

Chimala,
9 Juni 2024

Mke mwenzangu Sayi,

Mwangaluka. Kama umeamka salama, na mimi nimeamka. Nyumbani wote wazima isipokuwa yule jogoo mweupe, gari la mchele lilimpitia barabarani, tukamla huku tunamsikitikia. Baba yako mdogo Peter amemaliza kuvuna na magunia yamejaa mpaka chumba cha wageni, kwa hiyo ukija utalala juu ya mpunga. Masikio yangu ndiyo yamestaafu kabisa. Ile simu uliyoninunulia nimempa Peter, maana mtu akinipigia nasikia kama nyuki walioingia kwenye chungu. Macho bado yananitii, na mkono huu uliojifunza kuandika kwenye darasa la watu wazima, mtoto akiwa mgongoni, haujasahau. Basi tuandikiane. Barua zako mpe kondakta wa basi, Peter atazipokea hapa stendi.

Sasa nisikilize. Peter anasema umepata kazi Mafinga kwa watu wenye mashine inayoona chini ya ardhi. Nikamuuliza inaona nini, akasema madini. Neno hilo nimelala nalo na kuamka nalo. Kama inaona madini ambayo hakuna binadamu aliyeyaweka, itashindwaje kumwona mtu tuliyemweka wenyewe?

Wewe na mimi mume wetu ni mmoja, ingawa ulizaliwa babu yako Nyanda akiwa ameshalala. Tulimzika kama wazee wake walivyozikwa, ndani ya boma la ng'ombe, mkono wa kulia ukiingia langoni. Miguuni tukamwekea kengele ya dume lake jekundu. Haukupita muda ikaja mvua ya Elinino, maji yakatuhamisha, na tuliporudi kutazama hapakuwa na mti wa alama wala mwiba wa boma. Baadaye likaja trekta likasawazisha kila kitu. Leo pale pote ni shamba la mpunga la Jailos, Msangu mmoja muungwana sana. Nimezungumza naye. Akaniambia, "Mama, shamba zima siwezi kukupa, nina watoto. We nioneshe mahali penyewe tu, hicho kipande nitakiacha, hata jembe halitapita." Lakini anataka pajulikane kabla maji hayajaingizwa mashambani, maana akishapanda hatang'oa.

Nataka kulala ubavuni kwa mume wangu siku yangu ikifika. Ni hilo tu. Siku yenyewe bado iko mbali, usianze kulia mbele ya watu wa kazini.

Mke mwenzako mkubwa,
Roza


Mafinga,
2 Julai 2024

Bibi yangu na mke mwenzangu mkubwa,

Shikamoo. Huku baridi imetushika mpaka kwenye mifupa. Asubuhi ukungu unajaa katikati ya misonobari, na malori ya mbao yanapita ndani yake taa zikiwaka, huyaoni ila unayanusa, harufu ya mbao mbichi. Barua yako niliikuta dukani kwa Mama Mwanahawa pale stendi. Alikuwa ameihifadhi kwenye kopo la biskuti. Anakusalimia, anasema mwandiko wako una nguvu kuliko wa mwanawe aliyeko chuo. Jogoo nimemlilia. Na simu nimesikitika kidogo, lakini ninapenda kukusoma.

Nikueleze kazi yenyewe usije ukaniita mganga. Tunatandaza waya ardhini, kitanzi kikubwa kinachopanda kilima na kushuka upande wa pili. Tunapitisha umeme ndani yake, halafu tunaukata ghafla. Ukikatwa, ardhi haitulii papo hapo. Kitu chochote huko chini kinachopitisha umeme hubaki na mwangwi mdogo, nasi tunausikiliza kwa chombo. Udongo wa kawaida hunyamaza upesi. Mawe yaliyoshika salfa pamoja na nikeli au shaba hukawia kunyamaza. Ndicho tunachokitafuta huku, Bibi, mwangwi unaokawia kufa. Kuna saa naweka chombo chini, ukungu haujainuka, nakaa kimya naona kama kilima chote kinaota na mimi nimekaa kitandani kwake nasubiri kitasema nini. Kiongozi wetu Liberatus anasema nikiendelea hivi nitamwandikia mashairi badala ya ripoti.

Lakini mifupa haina mwangwi. Naliweka wazi mapema. Chuma ndicho chenye sauti. Kama kengele bado ipo, tunacho kifaa kidogo cha kubeba begani ambacho kinaweza kuisikia. Nitamwomba Liberatus. Ananipenda kazini ila mambo ya makaburi hayapendi, kwao Ubena walimfundisha kuyaacha yalale.

Nina swali moja. Babu amelala huko tangu kabla sijazaliwa, na hujawahi kuomba. Kwa nini mwaka huu?

Mjukuu wako, mke mdogo,
Sayi


Chimala,
4 Agosti 2024

Mke mwenzangu,

Marahaba, na usiache kuvaa sweta. Mwambie Mama Mwanahawa nimezipokea salamu, na kopo lake la biskuti Mungu alijaze. Hapa Peter amempeleka mtoto wake wa tatu shule ya bweni, nyumba imepoa. Mimi sijambo. Wiki iliyopita Peter alinipeleka Mbeya mjini, tukapitia Uyole kununua mbegu za viazi. Uyole malori mengi na vumbi, lakini viazi vizuri. Nguo zangu zimekuwa kubwa siku hizi, nadhani ni sabuni hii mpya inazivuta.

Swali lako limefika. Nimeliweka kabatini.

Nikuambie ndoto. Nimemwona Nyanda. Ng'ombe walikuwa wanarudi jioni na bonde limejaa maji tele, nao wanatembea juu ya maji bila kulowa kwato, vumbi linapanda nyuma yao kama kawaida. Vumbi juu ya maji, Sayi. Yeye amesimama langoni anawaita kwa majina, mmoja mmoja. Nikamuuliza, "Mzee, uko wapi? Nitakufuata vipi nisipojua ulipo?" Akanielekeza kwa mdomo, akaubetua kule, kama alivyozoea, mvivu wa kunyoosha mkono tangu ujana wake. Nikaamka nimefurahi kwelikweli, nikataka kwenda. Ndipo nikakumbuka kwamba Peter alipojenga nyumba hii aligeuza kitanda. Sijui kule ni kule kupi.

Lango la boma lilitazama machweo, hilo nina hakika. Ng'ombe waliingia jua likiwa mgongoni kwao. Mwambie Liberatus kwamba simfukui mtu. Nataka tu kujua alipo, kama mke yeyote anavyotaka kujua mumewe analala wapi.

Roza


Chimala,
22 Septemba 2024

Sayi,

Ulifika salama Mafinga? Hukuandika. Kwanza ya nyumbani: ng'ombe wa Peter amezaa ndama jike mwenye baka jeupe usoni, tumempa jina lako, na kelele zake pia ni zako.

Uliondoka bila kula. Kuku alikuwa tayari jikoni, na mtu aliyekuja kumtafuta mume wake haondoki na njaa. Najua kwa nini uliondoka, nami naandika ili uniambie mwenyewe kwamba sikukosea.

Ulipokuwa unapita shambani na kile kifaa alichokuazima Liberatus begani, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mabua makavu yanavunjika chini ya miguu yako, nilikaa kwenye tuta nikakutazama, na nakwambia kweli, nilikuwa nimeshamwona. Nilikuwa nimeshachagua nguo ya kumfuata nayo. Kisha ukasimama ukainua mkono, kifaa kimesikia chuma. Jailos akachimba taratibu, mimi nikafumba macho. Nilipofumbua nikaona ulimi wa plau, na Jailos anaruka kwa furaha kama amefufuliwa mtu. "Hii ya marehemu baba! Tumeitafuta mpaka tukagombana na majirani, kumbe imelala hapahapa!" Nikacheka. Wote tukacheka, na wewe ukacheka.

Nilikwenda nyuma ya kichuguu nikalia, Sayi. Sikulia kwa sababu yako. Nililia kwa kuwa nilikuwa nimeshachagua nguo.

Sasa andika. Mtu akikosea shamba anarudi kulima, hahami kijiji.

Roza


Chimala,
20 Oktoba 2024

Sayi,

Ndama wako anakua. Peter ana mafua. Nimekwenda tena Uyole, viazi.

Jailos ameanza kukarabati matuta. Simlaumu, mvua haimsubiri mtu. Anasema akifungulia maji basi tena mpaka mwakani, na mwakani nako trekta litavuruga udongo kama miaka yote. Mimi nimemwambia mwakani ni mbali. Akaniuliza ni mbali kwa nani, nikajifanya sikusikia, faida ya masikio mabovu ni hiyo.

Kimya chako kinanielemea kuliko ile plau.

Roza


Mafinga,
3 Novemba 2024

Bibi yangu,

Shikamoo, na nisamehe. Mpe pole baba mdogo Peter. Mama Mwanahawa aliniita barabarani mbele za watu akanipa barua zako mbili na kunigombeza kwa Kiswahili cha kwao pwani, kitamu mpaka unasahau kwamba unatukanwa. Alisema, "Mwanangu, mzee akikuandikia mara mbili hujajibu, wewe ndiye uliyezikwa."

Nilinyamaza kwa aibu. Nilikaa nyuma ya lile basi la kurudi nikakuwaza umekaa kwenye tuta na kanga yako mpya, na sikujua kama nimekukosea kwa kushindwa au kwa kukubali kujaribu. Niliogopa kukuandikia kwamba nimemaliza, hakuna kengele, hakuna kitu. Kwa hiyo sikuandika.

Sasa sikiliza kilichotokea huku. Tulikuwa na kilima tunachokitumainia, upande wa misitu, mwangwi wake unakawia vizuri sana. Wachoraji wa ramani wameshaanza kuota nikeli. Wakaleta mashine ya kuchoronga mwamba, ikashuka, ikatoa kinywe. Kinywe ni kile cheusi kinachowekwa ndani ya penseli. Nacho kinapitisha umeme vizuri, basi kimetuimbia wimbo wa nikeli tukaucheza. Liberatus hakula siku nzima.

Tukahamia bonde la pili. Huko tukakuta alama ya ajabu, duara la mwangwi hafifu, karibu kabisa na uso wa ardhi, pana kama uwanja wa shule. Tukapima tena, lipo. Liberatus akasema hapa tusikurupuke, akamwita mwenye shamba, mama mmoja anaitwa Esnath, akamuuliza kama kuna bomba au waya umefukiwa. Mama akacheka. "Hapo palikuwa zizi la mkwe wangu. Ng'ombe walilala hapo toka enzi za babu, mpaka walipouzwa wote." Liberatus akakaa chini. "Samadi," akasema. "Mkojo wa ng'ombe umetupotezea wiki!" Chumvi yake huzama kwenye udongo, Bibi, inakaa, na udongo wenye chumvi unapitisha umeme kuliko wenzake. Ng'ombe wameondoka zamani, nyasi zimeota, macho hayaoni kitu, lakini ardhi bado inajua kwamba walilala pale.

Wote walicheka. Mimi nilikimbia hemani.

Kile kifaa, nilipokuwa natembea shambani kwa Jailos, kilikuwa kinaandika mambo mawili. Kinaandika chuma, na kinaandika udongo wenyewe. Mimi nilitazama chuma peke yake. Udongo niliufuta, kama tulivyozoea kazini, tunauondoa ili tusikie vya chini. Nilikuwa namtafuta babu nikitupa boma lake. Mtoto wa Msukuma mzima, nimesahau ng'ombe! Bahati nzuri kumbukumbu ya kwanza haikufutika. Nimeirudisha, nimeichora, na kwenye kona ya kusini, ambako hatukuchimba kabisa, kuna duara. Hafifu kama doa la chai lililofuliwa. Na upande wa machweo linatoa ulimi, mrefu, unaelekea mtoni, kama njia ambayo ng'ombe waliingilia na kutokea kila siku.

Nakuja. Mwambie Jailos asifungulie maji.

Na Bibi, huko kwetu ni joto, viazi mviringo havikubali. Mbegu umenunua mara mbili, na hakuna aliyeniambia umepanda wapi.

Sayi


Chimala,
24 Novemba 2024

Bibi,

Barua hii namwachia baba mdogo akupe mtakaporudi kutoka Mbeya. Sikukukuta. Ameniambia kwa simu kwamba safari hii mtakaa siku kadhaa huko. Sikumuuliza viazi. Ndama wangu nimemwona, ana macho yako. Kuku nimemla nikammaliza, usije ukasema tena.

Tulikuwa mimi na Jailos tu. Mawingu yalikuwa yameshuka upande wa milima ya Kipengere na bonde lote lilikuwa limenyamaza, hata ndege. Nilitembea na kifaa polepole na Jailos akanifuata na vigingi. Kila udongo ulipobadilika nilinyoosha mkono naye akapigilia kigingi. Tulipomaliza tukarudi juu ya tuta, tukageuka kutazama, na Bibi, lilikuwepo. Vigingi vimesimama mviringo katikati ya shamba tupu, na nafasi iliyoachwa upande wa machweo. Jailos akavua kofia. Akasema, "Miaka yote napita humu na plau, kumbe napita ndani ya nyumba ya mtu."

Nikaenda nikasimama langoni. Sijawahi kumwona babu, sijawahi kuliona boma lile, lakini niliingia jua likiwa mgongoni kwangu, kama ulivyosema, nikageukia mkono wa kulia. Hapo kifaa kimetoa sauti ndogo ya chuma. Ndogo sana, chini kabisa. Sikuisikia ile mara ya kwanza kwa sababu nilikuwa nasubiri kubwa.

Siwezi kuapa kuwa ni kengele. Inaweza kuwa kipande cha jembe, inaweza kuwa bolti ya trekta. Kwamba ni boma, naweza kuapa mbele ya yeyote. Kwamba ni yeye, hakuna mashine itakayokwambia. Jailos alitaka kuchimba ili ujue kwa hakika, nikamwambia uamuzi ni wa mwenye mume.

Nimeacha kigingi kimoja kirefu pale, nimekifunga kitambaa cha kanga yangu. Naogopa, Bibi. Nimeandika barua zote hizi bila kulisema hilo.

Sayi


Chimala,
22 Desemba 2024

Mke mwenzangu mpenzi,

Mwangaluka, hata kama utaisoma jioni. Peter hajambo, watoto wamerudi likizo, nyumba haina nafasi ya kuweka mguu na nimefurahi. Mama Mwanahawa mpelekee huu mchele kidogo wa Kyela, nimeuficha chini ya kiti cha kondakta.

Hakuna viazi. Haijawahi kuwepo mbegu hata moja. Kuna kitu tumboni, daktari amekipiga picha, ameniambia kwa upole sana na kwa sauti kubwa mpaka wodi nzima ikajua. Nilikuficha kwa kuwa ungeiacha kazi ukaja kunishika mkono, na mimi sikuhitaji wa kunishika mkono, nilihitaji wa kunitafutia mume. Sasa umejua. Ulikuwa umeshajua.

Peter alinipeleka shambani na kiti. Nikakataa kiti. Niliingia langoni kwa miguu yangu, jua likiwa mgongoni, polepole kama ng'ombe mwenye mimba, nikageuka kulia nikaona kanga yako kwenye kigingi. Jailos alikuwa amesimama na jembe. Akasema, "Mama, tuchimbe kidogo tu, moyo wako utulie." Nikamwambia mume wa mtu hafunuliwi blanketi mchana, watu wanatazama. Akacheka mpaka akaliweka jembe chini. Moyo wangu umetulia, Sayi. Hiyo bolti yako ya trekta baki nayo ofisini. Mimi nimelala na mtu yule miaka mingi kuliko umri wako, najua alipo.

Nikalala. Ndiyo, chini pale pale, kanga imetandikwa, Peter kasimama na mwavuli anajifanya anatazama milima. Nikafumba macho. Udongo ulikuwa na joto. Sikusikia kitu, masikio haya hayasikii kitu, lakini kwa muda mrefu nilijua wamerudi na wanalala, mmoja mmoja, wakishusha pumzi, kama walivyokuwa wakifanya giza likiingia. Sikuota. Peter atakwambia nilikuwa macho nikimwelekeza mwavuli.

Jailos amepanda minyaa kuzunguka kipande chetu. Jana wamefungulia maji. Nilikwenda kuyatazama yakiingia, yanatambaa, yanajaza jaruba hili na lile, yakafika kwenye minyaa, yakasimama kidogo, yakazunguka.

Nimejipima pale, nafasi ipo. Mimi nitalala kushoto kwake, ndiyo desturi yangu tangu ndoa. Kulia nimekuachia wewe, ila usiharakishe. Mwache kwanza anizoee upya.

Mke mwenzako mkubwa,
Roza